Filta Nyekundu na Nuru Isiyoonekana: Historia Fupi ya Filamu ya Infraredi

Septemba 1904 mwanafizikia wa Kimarekani, Robert W. Wood, aliingia kwenye maabara ya René Blondlot mjini Nancy, Ufaransa. Mwaka uliotangulia Blondlot alikuwa ametangaza kwamba amegundua mionzi mipya, akaiita mionzi N kwa heshima ya mji wake. Wanasayansi kadhaa wa Kifaransa walikuwa wameshasema nao wanaiona. Wa nchi nyingine walikaa gizani wakakodoa macho mpaka yakawauma, wasione kitu. Wood naye akakaa kwenye giza hilo, akamsikiliza Blondlot akisoma vipimo vyake kimoja baada ya kingine, kisha akanyoosha mkono kimyakimya akaichomoa prizimu ya alumini kutoka katikati ya mtambo. Blondlot akaendelea kusoma vipimo vilevile. Barua ya Wood ilipotoka kwenye jarida la Nature mwezi huohuo, habari ya mionzi N ilikuwa imekwisha.

Miaka sita baadaye, 1910, Wood huyohuyo alichapisha picha za mandhari zilizopigwa kwa nuru ambayo kweli jicho haliioni. Zilitoka kwenye Century Magazine la Marekani na kwenye jarida la Royal Photographic Society la London. Miti ilikuwa myeupe kama iliyomwagiwa unga, anga jeusi kama saa mbili usiku, na jua linawaka. Safari hii hakuna aliyetakiwa kumwamini mtu kwa maneno yake. Bamba la picha halina uzalendo wala halina hamu ya kuona. Nuru isipolifikia, linabaki tupu, basi.

Naanza na Wood kwa sababu filamu ya infraredi kwa kawaida husimuliwa kama mazingaombwe: funga filta nyekundu, elekeza kamera kwenye miti, subiri majani yageuke theluji. Wengi wanaoizungumzia mtandaoni wanaishia hapo. Lakini ukiisoma historia yake vizuri unakuta kwamba kwa miaka mia moja na zaidi imezunguka maswali mawili tu ya fundi: nitumie filta gani, na nimpe huyu mzee, yaani filamu, mwanga kiasi gani? Na kila aliyeyajibu maswali hayo alikuwa, apende asipende, anajibu na la tatu: ninatafuta nini humo ndani, na kwa faida ya nani?

Hata ugunduzi wenyewe ulitokana na kuchagua filta. William Herschel, mnajimu aliyeigundua sayari ya Uranus mwaka 1781, alikuwa anataka kulitazama jua kwa darubini bila kujiunguza jicho. Akajaribu vioo vya rangi mbalimbali. Akagundua jambo la ajabu: vioo vingine vilipitisha mwanga mwingi na joto kidogo, vingine vilimpa joto kali wakati mwanga wenyewe ni hafifu. Mtu mwingine angechagua kioo kilichomfaa akaendelea na kazi. Herschel akataka kujua kwa nini. Mwaka 1800 akautawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Joto likawa linapanda kadiri anavyoelekea kwenye nyekundu. Kisha akakisogeza kipimajoto nje kabisa ya nyekundu, mahali ambapo jicho linaona meza tupu. Kumbe huko ndiko kilikopanda zaidi.

Kuijua nuru ni jambo moja. Kuinasa ni jambo lingine. Chumvi za madini ya fedha zinazotengeneza filamu, kwa asili yake, huhisi bluu na zambarau tu. Ndiyo maana kwenye picha nyingi za karne ya 19 anga ni jeupe pe na midomo ya watu ni myeusi. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, Mjerumani, aligundua kwamba ukichanganya rangi fulani za kemikali kwenye utando wa bamba la picha, linaanza kuhisi nuru ambayo awali lilikuwa haliijui. Kwanza kijani, halafu nyekundu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanakemia wakapata rangi za jamii ya sianini zilizosukuma mpaka huo ng'ambo ya nyekundu. Miaka ya 1930 Kodak na Ilford walikuwa wanauza mabamba na filamu za infraredi kwa mtu yeyote mwenye pesa, na gazeti la The Times la London likawa linachapisha picha za mandhari zilizopigwa hivyo. Zilikuwa bidhaa za kudekezwa, lakini. Ziliharibika haraka, zikatakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi, na wapiga picha wengine walizilowesha kwenye maji ya amonia kabla ya kuzitumia ili zizidi kuhisi. Yule Wood wa 1910 alilazimika kuacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa kwenye jua kali. Hawa wa 1930 walianza kuhesabu kwa sekunde na vipande vya sekunde.

Sasa, kwa nini majani yanakuwa meupe? Jibu linalorudiwa sana ni kwamba klorofili inawaka. Hapana, si hivyo, au walau hiyo si sehemu kubwa ya kisa. Klorofili hula mwanga mwekundu na wa bluu, hutuachia kijani. Lakini kwa infraredi, klorofili ni kama kioo: inapita tu. Ikishapita inakutana na seli za ndani ya jani, zenye kuta na nafasi za hewa katikati yake, na huko inadundadunda kama mpira kwenye chumba chenye nguzo nyingi, hadi sehemu kubwa inarudi ilikotoka. Jani bichi linaweza kurudisha karibu nusu ya infraredi inayolipiga. Anga linakuwa jeusi kwa sababu hewa hutawanya bluu sana na infraredi kidogo mno. Maji huwa meusi kwa sababu yanaimeza, na pia yanaakisi anga ambalo lenyewe ni jeusi. Kwa heshima ya Wood, weupe huo wa majani huitwa athari ya Wood. Wakati anaupata alikuwa pia na kitabu cha utani, How to Tell the Birds from the Flowers, cha mwaka 1907, cha mashairi na michoro yake mwenyewe inayofananisha ndege na maua. Mtu wa kufananisha vitu visivyofanana, kwa hiyo.

Kuna kosa jingine la kuliondoa njiani: filamu hii haioni joto la mwili. Jicho letu huishia kwenye nuru yenye urefu wa wimbi wa nanometa 700 hivi. Filamu za infraredi huongeza kipande kifupi baada ya hapo, na hata ile yenye uwezo kuliko zote zilizouzwa madukani ilifika 900 hivi. Joto la mtu au la ng'ombe hutoka kwenye nanometa elfu kadhaa, mbali sana. Usiku wa giza totoro, filamu hii haioni kitu kama wewe usivyoona. Na ukungu je? Vumbi jembamba na utusiutusi wa mbali inaupenya, ndiyo maana milima ya mbali hutokea mikali ajabu. Ukungu wa matone ya maji, ule wa asubuhi bondeni, unaizuia kama unavyolizuia jicho.

Tukija kwenye filta, wengi hudhani ndiyo inayotengeneza picha ya infraredi. Filta haiongezi kitu. Kazi yake ni kukataza. Filamu ya infraredi bado inahisi bluu kama mababu zake, na bluu iko tele mchana. Ukiiachia, itafunika kila kitu na utapata picha ya kawaida yenye ukungu kidogo. Kwa hiyo filta inaweka kizingiti upande mmoja: chini ya urefu huu wa wimbi, hapiti mtu. Filamu yenyewe inaweka kizingiti upande wa pili: juu ya hapa, sihisi. Kilichobaki katikati ndilo dirisha lako. Ukielewa hilo, namba zote zinazowachanganya watu zinakaa sawa.

Chukua filta nyekundu ya kawaida, ile namba 25. Inakata karibu na nanometa 600, kwa hiyo inaruhusu nyekundu yote na infraredi yote. Faida yake ni kwamba unaweza kuona kupitia ndani yake, ukapiga picha kamera ikiwa mkononi. Hasara yake ni kwamba nyekundu inayoonekana inaingia pia, na majani yanakuwa ya kijivu cheupe badala ya weupe kamili. Ukienda kwenye namba 89B, au ile ambayo Hoya wanaiita R72, kizingiti kinapanda hadi 720 hivi. Ukiinua kioo hicho dirishani unakiona cheusi, labda uking'ang'ania kwenye jua kali utaona wekundu uliokolea mno. Namba 87 inakata karibu na 800, na 87C karibu na 850. Hapo jicho halina lake.

Sasa linganisha na filamu. Kodak High Speed Infrared, maarufu kwa kifupi HIE, ilihisi hadi 900. Hata filta 87C ilibakisha dirisha jembamba la kufanyia kazi. Rollei Infrared 400 huishia 820 hivi. Kwa R72 una nanometa mia moja hivi za kuchezea, kwa 87 umebakiwa na ufa, na kwa 87C utasafisha filamu nzima ukakuta kioo kitupu. Ilford SFX 200 huishia karibu 740. Kwa R72 inabaki na upenyo tu, na juu ya hapo hakuna kitu. Mtu anayenunua filta nzito zaidi akidhani atapata infraredi zaidi amefunga dirisha lake mwenyewe kisha analalamika chumba kina giza.

Mwanga ndio mtihani mkubwa zaidi. Vipima mwanga vimetengenezwa viige jicho la binadamu. Ukikiuliza kipima mwanga kuna infraredi kiasi gani mahali fulani, ni kama kumuuliza kipofu rangi ya shati: atakujibu kwa adabu, lakini anabahatisha. Asubuhi na jioni jua likiwa chini, infraredi ni nyingi kuliko kipima kinavyodhani. Kivulini, penye mwanga wa anga la bluu tu, ni kidogo sana, na kivuli kinachoonekana chepesi kwa macho kinageuka shimo jeusi. Kwa hiyo filamu hizi hazikuwa na ISO ya kweli. Karatasi ya maelekezo ya HIE iliwapa watu pa kuanzia tu: kwa jua la mchana, ISO 50 ukiwa na filta 25, ISO 25 ukiwa na 87, ISO 10 ukiwa na 87C, na vyote kwa kipima cha mkononi, si kwa kupima kupitia filta. Kisha ujaribu mwenyewe.

Kwa Rollei 400 na R72, wengi leo huanza na ISO 6 au 12. Kwa kanuni ya zamani ya jua kali na f/16, ISO 6 inakupa takriban sehemu 1/15 ya sekunde kwa f/11. Unapiga hiyo, halafu 1/8, halafu 1/4, na moja ya 1/30 kwa usalama. Fremu nne kwa mandhari moja. Si mchezo kwa mfuko, ila hakuna njia ya mkato. Kamera lazima iwe kwenye stendi, maana kwanza unatazama na kupanga picha bila filta, kisha unaifunga, na kuanzia hapo kwenye kamera ya kioo huoni tena ulichokipanga. Fokasi nayo inahama kidogo, kwa kuwa lenzi haiikunji infraredi sawasawa na mwanga wa kawaida. Lenzi za zamani zina alama ndogo nyekundu pembeni ya mstari wa umbali kwa ajili hiyo. Ukiwa huna, unabana tundu la lenzi hadi f/11 au f/16 na kuuachia ukali wa kina ukufichie tofauti.

Watu wa vitabu kama sisi tunapaswa kujua kwamba mojawapo ya kazi za mwanzo za nuru hii ilikuwa kusoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Lodewyk Bendikson, aliyefanya kazi Huntington Library huko California, aliweka mbele ya kamera nakala ya kale ya vitabu vya safari vya De Bry. Wakaguzi wa mahakama ya dini ya Kikatoliki, Inquisition, walikuwa wamefuta sehemu zake kwa wino mweusi karne tatu kabla. Kwa macho, kurasa zile zilikuwa mistari ya giza. Kwa infraredi, maneno yakarudi. Sababu yake ni ya kikemia tu: wino wa chapa hutengenezwa kwa masizi, na masizi huimeza infraredi, lakini wino mwingi wa kalamu wa wakati ule ulitokana na chumvi za chuma, na nuru hiyo huupita kana kwamba haupo. Mkaguzi alikuwa na mamlaka yote ya kufuta isipokuwa moja: hakujua kuna nuru ambayo haimtii.

Kazi kubwa zaidi ya aina hiyo ilifanyika Jerusalem. Baada ya hati za kale kuanza kupatikana kwenye mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, maelfu ya vipande vya ngozi viliishia kwenye Jumba la Makumbusho ya Akiolojia la Palestina. Vingi vilikuwa vimesinyaa na kuwa vyeusi kiasi kwamba maandishi na ngozi vilikuwa rangi moja. Najib Albina, Mpalestina, mpiga picha wa jumba hilo, ndiye aliyevipiga kwa filamu ya infraredi katika miaka ya 1950 na kuendelea. Wino wa hati hizo kwa sehemu kubwa ni wa masizi, kwa hiyo ulibaki mweusi. Ngozi iliyoungua kwa umri ikawa nyeupe. Wasomi waliounganisha vipande hivyo walifanya kazi na picha za Albina mezani kama walivyofanya na vipande vyenyewe. Na tangu hapo vipande vingine vimeendelea kuharibika, hivi kwamba yako maneno ambayo leo yanasomeka kwenye negativi zake tu. Ukimtaja mtu aliyeziokoa hati hizo, kwa kawaida hutajwa wanazuoni. Aliyechagua filta na kuhesabu sekunde hutajwa kwa nadra.

Lakini nuru ileile inayomfichua mkaguzi humfichua pia anayejificha. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, majeshi yalijua jani lililo hai linang'aa kwa infraredi na rangi ya kijani ya duka la rangi hailazimiki kung'aa. Hema lililopakwa kijani na kufichwa msituni lilijitokeza jeusi kwenye picha ya ndege kama inzi kwenye maziwa. Waliofichwa nao wakajifunza: zikatengenezwa rangi zinazorudisha infraredi kama jani. Kodak wakajibu kwa filamu ya rangi yenye tabaka linalohisi infraredi, inayogeuza mimea hai kuwa myekundu na kuacha rangi za bandia zibaki na sura nyingine. Lengo lilikuwa moja tu, kujua bomu liangushwe wapi.

Na kulikuwa na matumizi madogo, ya mjini. Miaka ya 1940 huko New York, mpiga picha wa magazeti aliyejulikana kama Weegee aliingia kwenye majumba ya sinema akiwa na filamu ya infraredi na flashi zilizofunikwa zisitoe mwanga wa kuonekana. Aliwapiga picha wapenzi wakibusiana gizani, watoto wakicheka, watu wazima wakisinzia. Ni picha nzuri, hilo siwezi kulikataa. Watu hawajui kama wanaangaliwa, kwa hiyo hawajiweki sawa. Ila ndilo lenyewe swali: hawakujua. Walilipia tiketi ya giza, na giza lilikuwa limeshauzwa kwa mwingine.

Baada ya vita filamu hiyo ikaingia mikononi mwa wasanii, na HIE ndiyo iliyowapa sura ambayo wengi wetu tunaijua. Filamu za kawaida huwa na tabaka nyuma linalozuia mwanga usirudi. HIE haikuwa nalo. Mwanga uliopenya ulidunda nyuma na kurudi kwenye utando, ukaacha kiwingu cha weupe kuzunguka kila kitu kinachong'aa. Wapiga picha waliufanya upungufu huo wa kiwandani kuwa mtindo. Simon Marsden, Mwingereza aliyefariki mwaka 2012, alitumia maisha yake kupiga magofu na majumba yanayosemwa yana mizimu Ireland, Uingereza na kwingineko. Kitabu chake cha 1980, In Ruins, kinahusu majumba ya Ireland yaliyobomoka. Kuta nyeusi, nyasi zinazowaka weupe, anga zito. Ukiitazama picha moja kati ya hizo unasema, kweli hapa pana kitu. Kilichopo ni nyasi zenye afya, filta, na filamu isiyo na tabaka la nyuma. Usione vyaelea, vimeundwa.

HIE ilidai heshima kwa namna nyingine pia. Ilipakiwa kwenye giza kamili, maana hata mdomo wa kopo lake na ncha ya filamu iliyochomoza vilipitisha nuru hadi ndani. Kamera nyingine za kisasa za wakati ule zilihesabu matundu ya filamu kwa taa ndogo ya infraredi, na taa hiyo iliiunguza ukingo wake. Mtu angemaliza safari nzima kisha agundue kwamba kamera yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipiga picha mfululizo bila kuombwa.

Juu ya ngozi ya mtu, filamu hii hufanya jambo ambalo sisi huku tungepaswa kulizungumza zaidi. Infraredi hupenya ngozi kidogo kabla ya kurudi, kwa hiyo mikunjo na madoa hufifia, mishipa huchomoza, macho hugeuka vidimbwi vyeusi. Na melanini, ile inayotupa weusi wetu, huimeza infraredi kidogo zaidi kuliko inavyoumeza mwanga wa kawaida. Tofauti kati ya ngozi nyeusi na nyeupe hupungua sana. Wako wanaoliona hilo kama somo zuri la usawa. Mimi naliona kama onyo kwa mpiga picha: filta 87 haijui mtu anavyojiona. Ukimpiga bibi wa Kivu au wa Lamu kwa kioo hicho, umemtoa rangi yake bila kumuuliza.

Kivu nimeitaja makusudi. Mwaka 2010 Richard Mosse, wa Ireland, alianza kwenda Kongo ya mashariki, eneo ambalo Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni, akiwa na Kodak Aerochrome, mrithi wa ile filamu ya rangi ya kusakia maadui waliojificha. Si nyeusi na nyeupe, lakini mantiki ni ileile. Tabaka linalohisi infraredi huchapwa kwa rangi nyekundu, linalohisi nyekundu huchapwa kijani, linalohisi kijani huchapwa bluu, na filta ya njano huzuia bluu isivuruge hesabu. Vilima vya Kivu vikageuka waridi. Wapiganaji wamesimama kwenye nyasi za rangi ya pipi. Filamu yake ya The Enclave ilionyeshwa kwenye banda la Ireland huko Venice mwaka 2013, na mwaka uliofuata akapata tuzo ya Deutsche Börse. Wakosoaji wakagawanyika. Wengine walisema ameipamba vita. Wengine walisema amewalazimisha watazamaji, waliokwishachoka na picha za Kongo, waangalie tena. Kwangu linalobaki ni kwamba chombo kilichobuniwa kumtafuta aliyejificha msituni kimepelekwa kwenye msitu ambao watu wake bado wanajificha. Waridi lile si urembo tu. Ndiyo historia ya filamu yenyewe inayoonekana.

Wakati Mosse anapiga, filamu hizo zilikuwa tayari zinakufa. Kodak waliiaga HIE mwaka 2007 na Aerochrome ikafuata muda mfupi baadaye. Efke IR820 ya Kroatia ilikwenda na kiwanda chake, Fotokemika, mwaka 2012. Zimebaki chache, kama Rollei 400 na SFX 200, na hakuna iliyobaki inayofika 900. Dirisha limepungua. Kamera za dijitali zinaweza kugeuzwa zione infraredi, na zinakuonyesha matokeo papo hapo. Sina ugomvi nazo. Ila kuna maarifa ambayo hayahamii huko, na hayo ni maarifa ya kufanya kazi na kitu ambacho hukioni, hukipimi, na hutakijua hadi umekwishaondoka mahali pale.

Maarifa hayo hayakukaa kwenye kamera. Yalikaa kwenye daftari. Wapiga picha wa infraredi wa zamani waliandika kila kitu: saa ngapi, jua upande gani, filta ipi, tundu, sekunde, majani mabichi au makavu. Na wengi wao walipiga fremu moja zaidi ya mandhari yaleyale bila filta, kwa mwanga wa kawaida. Fremu hiyo haikuwa ya kuchapa. Ilikuwa shahidi. Ukiziweka mbili pamoja ndipo unajua nini kilikuwepo na nini kimeletwa na kioo. Anayeanza leo na filamu moja na R72 afanye hivyo hivyo: afunge stendi, aandike kwenye daftari, apige na filta kwa vipimo vinne, kisha afungue kioo na apige mara moja ya tano. Filamu ya fremu 36 itampa mandhari saba tu, na moja inabaki. Hiyo moja aiache tupu, lenzi ikiwa imefunikwa, apate kujua kama kamera yake inavuja.